Chumba cha Kimexico kimenishinda, naomba ushauri

Mpangaji_SA:
Wakuu, habari za jioni. Nipo San Antonio, Texas, mwaka wa tatu huu. Majirani zangu karibu wote ni Wamexico, na kila nikikaribishwa kwao natamani na mimi nipate chumba kama vile. Jumamosi nikanunua galoni mbili za rangi ya chungwa, nikapiga kuta zote nne. Chumba ni futi 11 kwa 12, dirisha moja tu, linatazama kaskazini.

Mke wangu kafungua mlango, kasimama, kauliza, "Hapa tunauza juisi?" Nikajitetea kwa kutundika sombrero, ile kofia pana ya Kimexico, na kuweka mpungate wa plastiki pembeni. Mama jirani alipoliona lile sombrero alicheka mpaka akakaa chini.

Kuta ni za jipsamu. Mwenye nyumba karuhusu rangi, mradi nikihama nirudishe nyeupe. Nimebakiwa na dola 150. Nifanyeje?

FundiBrashi:
Pole mkuu, ila umenivunja mbavu. Kosa si chungwa, ni dirisha. Huko kwenu dirisha la kaskazini halipati sana jua la moja kwa moja, na chungwa kwenye kivuli linageuka tope. Tena umelipaka kuta nne, jicho halina pa kupumzika. Piga praima, ile rangi ya msingi, mikono miwili, la sivyo chungwa litachungulia. Kuta tatu zipake nyeupe iliyofifia kama chokaa, ya nne ndiyo uipe rangi kali.

Kijana_wa_Pwani:
Si apake chokaa yenyewe? Wamexico wanaitumia tangu zamani, na bei ni ya kutupa.

FundiBrashi:
Kwenye plasta au jiwe, sawa. Mafundi wa zamani kule waliichanganya na ute wa mpungate ili ishike. Lakini juu ya jipsamu yenye rangi ya maji itabanduka kama unga.

BiMkubwa_Puebla:
Mwanangu, nimeishi Puebla, huko huko Mexico, miaka sita, nisikilize. Kwanza toa hilo sombrero. Sijaona nyumba ya mtu kule limetundikwa ukutani, labda mgahawa wa watalii.

Kama unataka mfano, tazama picha za nyumba ya mchoraji Frida Kahlo pale Coyoacán, Mexico City, makumbusho tangu 1958. Kuta za nje ni buluu iliyokolea, jikoni sakafu ya njano. Na ukutani humo jikoni wamepanga vijungu vidogo vya udongo, kimoja kimoja, mpaka vikaandika majina, Frida na Diego mumewe. Nilisimama pale muda mrefu kuliko chumba kingine chochote. Vijungu tu, lakini hutaki kuondoka.

Kwa hiyo chukua buluu. Vigae vya Talavera halisi, vile vya udongo vya Puebla, vinachorwa kwa mkono, ni ghali; nunua vinane tu, uvibandike kwenye ubao juu ya dirisha, ukihama unaondoka navyo. Kiti cha mbao, mkeka, chungu cha udongo chenye mmea ulio hai. Zile karatasi za kukatwakatwa, papel picado, weka siku ya sherehe. Mwaka mzima zinapauka na kushika vumbi.

Kijana_wa_Pwani:
Mbona Barragán, yule msanifu majengo wa Mexico, kajenga nyumba yake 1948 na ukuta wa waridi unaowaka kabisa?

BiMkubwa_Puebla:
Ukuta wa waridi, ndiyo, na nyeupe tele kandokando yake. Na jua la kule, baba!

FundiBrashi:
Mkuu, usinunue galoni tena kwa kuangalia kikaratasi cha dukani. Chukua kopo dogo la sampuli, paka kwenye boksi, liegemeze ukutani. Litazame asubuhi, kisha usiku taa ikiwaka.

Mpangaji_SA:
Mrejesho: nimepaka maboksi manne. Buluu iliyoshinda mchana, usiku ilikuwa kama sare ya shule. Ya pili kutoka kushoto ndiyo imepita. Praima inakauka. Sombrero kalichukua mtoto wa jirani, paka wao analala humo.

Kijana_wa_Pwani:
Picha, mkuu. Na ya paka pia.