Naombeni ushauri: mahindi kwa gunia au niendelee na kilo moja moja?

Fundi_Pasua: Wakuu salaam. Niko Pasua hapa Moshi, mke na watoto wawili. Kila jioni unga kilo moja dukani kwa Mangi, mafuta ya kupima kwenye kikopo. Nikijumlisha mwisho wa mwezi kichwa kinauma. Nataka nichukue mahindi kwa gunia, nikoboe na kusaga mwenyewe. Inalipa? Na nayahifadhije yasitobolewe? Nawasilisha.

Mama_Mandazi: Inalipa mwanangu, ila chakula kikionekana kingi kinaliwa kwa wingi. Mwaka ule nilibeba gunia la mchele pale Mbuyuni. Wiki haijaisha, wifi ambaye hata hatusalimiani kaja kunijulia hali, na begi juu.

Mzee_wa_Lumbesa: Gunia, gunia, la debe ngapi? La debe sita ni moja, lililoshonwa upya mjini ni jingine, limejaa vumbi na magunzi. Pima kwa kilo, mbele yako.

Kibo_Utani: Chukua gunia la chumvi. Hiyo haina mdudu.

Dada_Kiboriloni: Gunia ngapi? Na hela ipo au tunaota wote?

Fundi_Pasua: Nne. Hela ipo.

Dada_Kiboriloni: Ipo ya nini?

Fundi_Pasua: Ya kodi. Miezi sita, mwenye nyumba anakuja tarehe moja. Lakini msinirukie, hesabu nimeshapiga: mbili tunakula, mbili nasaga nauzia majirani kwa kilo, kodi inarudi. Halafu nimeshalipa. Mbili ziko ndani, zimeegemea kitanda cha watoto.

Mtumishi_Soweto: Mwanaume anayekula kodi analaza watoto wa nani nje? Mkeo anajua?

Fundi_Pasua: Nimemwambia ni za rafiki, namtunzia tu. Mtumishi, mimi nimeuliza habari ya wadudu.

Mama_Mandazi: Yesu wangu.

Mkulima_Siha: Ni mapya au ya msimu uliopita?

Fundi_Pasua: Mapya kabisa, jamaa kayatoa shamba huko huko kwenu Siha juzi. Ukizamisha mkono kwenye gunia unasikia ubaridi.

Mkulima_Siha: Hii ni chai. Mwezi wa tano huu, mahindi Siha bado kijani, tunavuna kuanzia wa nane. Mkitunga muwe mnaulizia kwanza.

Kibo_Utani: Chai ya rangi, hata tangawizi haina. Nilishtuka kwenye "za rafiki".

Fundi_Pasua: Mimi ni mtu wa Pangani, mahindi nayajua yakiwa kwenye sahani. Ndivyo alivyoniambia aliyeniuzia.

Mzee_wa_Lumbesa: Ngojeni. Kama si chai, basi kapigwa. Ubaridi ndani ya gunia ni maji. Fundi, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, hayo ni mabichi. Hapo sahau dumuzi, wale wadudu watoboaji tunaowaita Scania, hofu yako iwe ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara. Ukiona punje zenye ukungu usisage, kuanika hakuondoi sumu. Mazima ndiyo uyaanike yakauke, kisha uyafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mdudu anakufa kwa kukosa pumzi, dawa huhitaji.

Fundi_Pasua: Mvua haijakatika toka asubuhi. Naanika wapi?

Kibo_Utani: Sebuleni kwa mwenye nyumba.

Dada_Kiboriloni: Hizo mbili ambazo hujaletewa, kesho alfajiri kadai hela yako. Usipige simu, nenda.

Fundi_Pasua: Nimetumia chupa ya soda. Chumvi imeng'ang'ania kioo chote hadi shingoni. Mama watoto ananiuliza natikisa nini usiku huu.

Mkulima_Siha: Bado nasema chai. Weka picha ya chupa.