Tupeane uzoefu: mliorudi chuo kikuu mkiwa watu wazima

Mstaafu Mtarajiwa
Wiki hii mwanangu amenikuta nikijaza fomu ya kuomba shahada ya ualimu, akaniuliza kama ninamjazia mdogo wake. Nina diploma, nina wajukuu, na miaka 60 ya kustaafu kwa lazima inanikaribia. Waliopita njia hii naomba waeleze yale ambayo vipeperushi vya vyuo havisemi.

Nesi wa Zamu
Umenikumbusha mbali. Mama mkwe wangu alifariki usiku wa kuamkia mtihani wangu wa takwimu. Mimi ndiye mkamwana mkubwa, kwa hiyo jiko lote la msiba lilikuwa mikononi mwangu, na wageni kutoka Kigoma walikuwa njiani. Alfajiri nilimkabidhi wifi mdogo funguo za stoo, nikafunga kitambulisho cha mwanafunzi kwenye pindo la khanga, nikatokea mlango wa uani. Msimamizi wa mtihani, kijana wa rika la kifungua mimba wangu, aliponiona nina majivu miguuni alidhani nimemfuata mtoto. Niliandika huku mikono ikinuka moshi. Niliporudi, mwili ulikuwa haujatolewa, lakini wakwe walikuwa wamekwisha kukaa kikao na kunitoza mbuzi. Mume wangu alimlipa bila kusema neno, na hadi leo sijajua alikuwa upande wa nani. Mtihani nilipata C.

Kijana wa Ubungo
Shikamoo mama. Mtihani una marudio, mazishi hayana.

Nesi wa Zamu
Marahaba, mwanangu. Marudio yenyewe yalikuwa mwaka uliofuata. Ada ungenilipia wewe?

Mhasibu wa Wilaya
Mbuzi ni nafuu kuliko mwaka.

Binti Tanga
Mhasibu, usifanye mzaha. Kwetu mkamwana akiondoka msibani, jambo hilo husimuliwa hata kwenye harusi ya mwanawe. Afadhali angempeleka mzee mmoja wa ukoo akamwombee ruhusa mapema.

Kijana wa Ubungo
Kuna jambo jingine ambalo watu wanaona haya kulisema: kila mzee anayeingia chuoni anachukua nafasi ya aliyemaliza kidato cha sita.

Mzee wa Mlimani
Kijana, baada ya Azimio la Musoma la 1974, aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mahali pa kazi. Waliokosa kidato cha sita walikuwa na mtihani wao maalumu wa watu wazima, hivyo darasani tulikaa pamoja na walimu na mabwana shamba waliotuzidi umri kwa mbali, nao ndio waliokuwa wakimbana mhadhiri kwa maswali. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kupokea wanafunzi 1994, hufundisha kwa masafa, kwa hiyo mtu aliyeko kazini hamnyang'anyi mtu kitanda cha bweni. Na kuhusu bumu usiwe na wasiwasi: miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni inaishia umri wa miaka 35. Sisi tunajilipia.

Kijana wa Ubungo
Hoja ya bumu nimeikubali. Ya mazishi bado.

Mama wa Vikoba
Mstaafu, usimwambie mtu yeyote. Mimi majirani waliamini kwamba kila Jumamosi ninakwenda kikoba, hadi waliponiona nimevaa joho.

Mhasibu wa Wilaya
Hapana, mwambie kila mtu, ili uone aibu kuacha. Na usome alfajiri, kabla nyumba haijaamka.

Nesi wa Zamu
Alfajiri alale, kwa umri huu usingizi hauna marudio. Kapime macho kabla ya kulipa ada, kisha tafuta kikundi cha majadiliano chenye vijana, kwa sababu wao wanaijua kompyuta na wewe unajua kupanga hoja.

Mstaafu Mtarajiwa
Nashukuru. Hizo takwimu, anayesomea ualimu naye anazisoma?

Nesi wa Zamu
Utazikuta kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho.