Naombeni ushauri: nimwonyeshe mjomba sehemu ya mwisho au niishie hapa?

Binti Kisauni (mleta uzi)
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nahitaji ushauri, na nauhitaji kabla ya Jumamosi.

Nipo California, ng'ambo ya ghuba. Mjombangu, ndugu wa mama tumbo moja, yuko San Francisco kwenyewe tangu ujana wake, na siku hizi mimi ndiye ninayemwangalia. Macho yake yamekufa katikati, anaona pembeni tu. Kila Jumamosi tunatazama tamthilia: mimi naangalia namsimulia yanayopita, yeye anafuata kwa sauti.

Tamthilia yenyewe ni Tales of the City, ile ya Netflix ya 2019 iliyofufua ile ya 1993. Imetokana na riwaya za Armistead Maupin kuhusu wapangaji wa 28 Barbary Lane na mama mwenye nyumba wao, Anna Madrigal. Wengi humo ni wapenzi wa jinsia moja, na Anna mwenyewe alizaliwa akahesabiwa mwanamume, akaja kuishi kama mwanamke aliyekuwa ndani yake siku zote. Mjomba alianza kuisoma ilipokuwa inatoka kipande kwa kipande kwenye gazeti la San Francisco Chronicle, 1976. Anawataja wale watu kama majirani zake wa zamani.

Tumemaliza sehemu ya tisa. Zipo kumi. Nimwonyeshe ya kumi au tuishie hapa? Naombeni majibu ya busara.

Kobe Mkongwe
Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, zima ile ya kucheza sehemu inayofuata yenyewe. Tatizo limekwisha.

Mama Shughuli
Pole mwaya. Umenikumbusha bibi yangu Tanga na tamthilia za Kifilipino zilizotiwa sauti za Kiswahili. Kijana mmoja wa kwenye tamthilia alikufa, bibi akagoma kula, akasema kwenye nyumba hii hapikwi pilau wiki nzima, kuna msiba. Mwezi haujaisha yule mwigizaji akatokea tamthilia nyingine na mke mwingine. Bibi akapiga kigelegele: "Kumbe alipona!" Kisha akamchukia maisha kwa kumwacha mke wa kwanza.

Ustadh wa Mtaa
Dada, mzee wa umri huo anahitaji dua na toba, wewe unamsimulia mambo ya kaumu Lut. Siku ya hesabu utaulizwa ulimsomea nini.

Binti Kisauni
Ustadh, Yasin namsomea kila Alhamisi usiku, na husikiliza hadi mwisho ametulia. Swali langu ni la Jumamosi.

Salma wa Muscat
Mleta uzi hujatwambia kitu. Hiyo sehemu ya mwisho ina nini hata umnyime mzee?

Binti Kisauni
Nilitaka nisiwaharibie ambao hawajaitazama, ila basi. Anna anafariki.

Na mwigizaji wake, Olympia Dukakis, alifariki kweli tarehe 1 Mei 2021. Mjomba anajua hilo, alilisikia redioni. Alikaa kimya, kisha akasema, "Lakini Anna yupo." Ndiyo maana nasita.

Mswahili wa Leeds
Nimengoja miaka mtu aje na mada hii kwa Kiswahili. Mimi ile ya kwanza niliiona hapa Uingereza 1993, Channel 4 ndio walioitengeneza, Wamarekani wakaionyesha PBS, televisheni yao ya umma, mwaka uliofuata. Ikapata watazamaji wengi ajabu, ikapata na kelele za wanasiasa wa majimbo ya Kusini, PBS wakaogopa kuingiza pesa kwenye mwendelezo. Ndipo Showtime, kituo cha kulipia, wakauchukua: More Tales 1998, Further Tales 2001.

Sasa hii ya 2019. Laura Linney kurudi kama Mary Ann, yule mpangaji msichana, hapo sina neno. Paul Gross karudi kama Brian, aliyekuwa mumewe, Barbara Garrick karudi kama DeDe, na Olympia akifungua mdomo tu nywele zinasimama. Lakini hesabu za miaka wamezivuruga. Kwenye riwaya Anna kazaliwa 1920. 2019 angekuwa anakaribia mia, wao wanamfanyia sherehe ya miaka 90. Mary Ann aliyefika mjini 1976 akiwa na miaka 25, eti sasa ni mama wa hamsini na kidogo. Jake, anayemtunza Anna, kwenye vitabu anaitwa Greenleaf, huku wamemfanya Rodriguez, Mlatino. Hilo la Jake silikatai, kwa sababu ile ya 1993 ilikuwa karibu ya Wazungu watupu, na mji ule haukuwa hivyo hata siku moja. Ila wale vijana wapya wanachosha. Kila wakikaa wanahutubiana.

Binti Kisauni
Mjomba kasema tofauti kidogo. Kuna ile karamu ya chakula ambapo Ben, mpenzi kijana wa Michael, yule mpangaji wa zamani wa Anna, anawasahihisha wazee kwa neno walilotumia kuwaita watu kama Anna, na mzee mmoja anamgeukia kwa hasira, anamkumbusha nani aliyewazika wenzao wakati wa ukimwi huku nchi imewapa mgongo. Mimi nilikuwa upande wa kijana. Mjomba akaniambia nirudishe nyuma, akaisikiliza tena. Kisha akasema, "Wote wawili wana haki, na huyo mzee amechoka."

Mswahili wa Leeds
Hiyo ndiyo bora ya zote. Nayo na ile ya nane.

Binti Kisauni
Ya nane! Imerudi 1966, Anna akiwa msichana mgeni mjini, kaigiza Jen Richards, ambaye naye ni mwanamke aliyepitia njia hiyo hiyo. Na ile ghasia ya mkahawa wa Compton's mtaa wa Tenderloin, wanawake wale walipochoka kukamatwa na polisi wakageuza meza, ni kisa cha kweli, Agosti 1966, miaka mitatu kabla ya ghasia kama hizo za Stonewall, New York. Mjomba alifika mjini baada ya hapo, lakini wapo aliowakuta waliokuwamo ndani.

Mswahili wa Leeds
Ndiyo, ila wamempa Anna siri ambayo Maupin hakumpa, ya zile pesa alizonunulia nyumba. Wapenzi wa vitabu wengi walikasirika. Unamchukuaje mama wa watu ukampaka tope akiwa na miaka 90?

Binti Kisauni
Hapo hatukubaliani, kaka. Msichana asiye na mtu katika mji ule, mwaka ule, mlango mmoja tu ukafunguka. Mimi nilimpenda zaidi baada ya kujua.

Salma wa Muscat
Jamani rudini kwenye swali. Binti, mzee ana akili zake timamu?

Binti Kisauni
Kuliko mimi.

Salma wa Muscat
Basi kwa nini humwulizi mwenyewe? "Mjomba, imebaki moja, ina msiba, tuitazame au tuiache?" Mtu mzima atajibu.

Mama Shughuli
Nakazia. Kwanza sehemu ya tisa haiishi kama mwisho, mzee hajauliza?

Kobe Mkongwe
Mleta uzi kaingia mitini.

Binti Kisauni
Sijaingia mitini, nilikuwa kazini.

Aliuliza. Nilimwambia ziko tisa.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Mjomba alikuwa na rafiki. Ndiye aliyekuwa analeta gazeti asubuhi, wakisomeana kile kipande jikoni kabla ya kwenda kazini, na mjomba Kiingereza chake amekipatia humo. Rafiki huyo alifariki miaka ile ambayo watu walikuwa wanakufa wakiwa bado vijana. Kitabu cha nne, Babycakes, kilipotoka 1984, mwandishi alikuwa tayari amemwua Jon, mpenzi wa Michael, kwa ugonjwa huo huo. Mjomba alikisoma peke yake. Aliendelea hadi Sure of You, 1989, Mary Ann alipomwacha Brian na mtoto wao Shawna akaenda New York kutafuta jina kwenye televisheni. Hapo akafunga vitabu, akasema sitaki tena kuachwa.

Mwaka huu ndio kakubali kuisikiliza hii mpya. Jumamosi ya kwanza, sauti ya Laura Linney ilipotoka, alisema, "Ndiye yeye. Amerudi." Michael hakumkubali mapema, maana Murray Bartlett ni Michael wa tatu, na sauti anayoijua yeye ni ya Marcus D'Amico wa 1993. Sasa hata huyo amemzoea. Anacheka. Anakula. Nani kati yenu angechukua mtu wa namna hiyo akampeleka msibani? Sehemu ya tisa ikiisha Anna yuko hai. Mimi naona hakuna mtu niliyemdhulumu.

Salma wa Muscat
Kwa hiyo ushauri ulikwisha kujipa, ulikuja kutafuta mashahidi.

Ustadh wa Mtaa
Na uongo juu.

Mama Shughuli
Ustadh usimuonee, bibi yangu tulimficha kifo cha mdogo wake miezi mizima kwa sababu ya presha. Alipojua alitugombeza siku moja tu, tena kwa sababu hatukumwita kula sinia la arobaini.

Jicho la Tatu
Nimesoma uzi wote kimya kimya. Hii ni chai, tena ya rangi. Mswahili gani alikuwa San Francisco 1976 anasoma gazeti la Kiingereza asubuhi jikoni? Mzee asiyeona anatazama tamthilia? Na mleta uzi, kwa bahati, anajua tarehe zote kama kamusi. Ama ni mtu wa matangazo, ama anaandika riwaya anatujaribia sisi.

Kobe Mkongwe
Mimi nilianza kushuku kwenye "Lakini Anna yupo." Wazee wangu hawaongei kisinema hivyo.

Salma wa Muscat
Mabaharia wa Mombasa na Unguja walikuwa wanashuka meli Hamburg, London, New York na hawapandi tena. San Francisco ina nini isifikiwe? Babu yangu mwenyewe alirudi na mke kutoka Cardiff.

Jicho la Tatu
Sawa, baharia. Athibitishe.

Mswahili wa Leeds
Ngoja nimpime mimi, bila kwenda kutafuta mtandaoni. Binti, kitabu cha kwanza. Norman, mpangaji wa chumba cha juu kabisa. Alifia wapi, na Mary Ann alibaki na nini?

Binti Kisauni
Majabali ya Lands End, mkesha wa Krismasi. Mary Ann alijaribu kumshika, akabaki na tai mkononi. Ilikuwa tai ya kubana, si ya kufunga. Mjomba husema laiti angevaa tai ya kweli angepona.

Mswahili wa Leeds
Huyu ni wetu. Niacheni naye.

Jicho la Tatu
Hiyo imethibitisha kwamba kasoma kitabu. Mjomba bado sijamwona.

Binti Kisauni
Na hutamwona, kaka yangu. Siweki picha ya mgonjwa mtandaoni ili wewe ulale vizuri. Ukiona ni hadithi, isome kama hadithi, ila nijibu swali.

Jicho la Tatu
Haya. Nijibu kama ni hadithi: mhusika wako anamwamulia mtu mzima kwa sababu macho ya mzee yako mikononi mwake. Kila anachokiona kinapita kwako kwanza. Leo umefuta sehemu moja. Kesho akikuuliza daktari kaandika nini, utamsomea yote?

Kobe Mkongwe
Duh.

Mama Shughuli
Jicho leo umeamkia upande gani?

Mswahili wa Leeds
Mimi nitasema la upande wa vitabu. Maupin hakumwachia hapo mjomba wako alipofunga. Baada ya miaka 18 alirudi na Michael Tolliver Lives, 2007. Michael ameokoka, kazeeka, ana mpenzi, na virusi anaishi navyo kwa dawa. Ikafuata Mary Ann in Autumn 2010, kisha The Days of Anna Madrigal 2014. Katika hivyo vyote hakutuandikia mazishi ya Anna. Ana miaka 92 na bado anapanga safari ya jangwani. Mazishi ni ya Netflix. Kwa hiyo msomee vitabu hivyo vitatu kwanza. Halafu akiitaka ya kumi aingie akijua kwamba mwenye hadithi aliiacha taa ya Anna inawaka.

Salma wa Muscat
Vizuri, lakini amwambie kwanza kwamba ya kumi ipo. Mzee aliyefunga vitabu mwenyewe 1989 anajua kufunga kitu akichoka. Alichagua. Mwache achague.

Binti Kisauni
Nimewasikia. Jicho, maneno yako yaliniuma, lakini la daktari ni tofauti. Barua za hospitali namsomea neno kwa neno, hata zile ninazotamani kuziruka.

Naona hivi. Jumamosi nitamwambia ipo moja zaidi. Sitamwambia nilihesabu nini na kwa nini. Nitamwambia ina msiba, na nitamwambia vitabu vitatu vipo ambavyo hajavisoma, maktaba wanazo nakala za kusikiliza lakini nitamsomea mimi. Atakachochagua ndicho. Akichagua ya kumi, nitamsimulia kila kitu kinachopita kwenye kioo, sitaruka.

Salma wa Muscat
Hapo sawa.

Ustadh wa Mtaa
Na Alhamisi usiisahau.

Binti Kisauni
Siisahau, Ustadh.

Jicho la Tatu
Mrejesho Jumapili. Bado nasema chai, lakini nitausubiri.

Mama Shughuli
Sasa mimi nisiyejua lolote nianzie wapi? Hii mpya au ya zamani?

Binti Kisauni
Anza na ya 1993, dada. Katikati ya San Francisco ya 1976, Mary Ann hajui lolote la dunia, anapanga chumba, na kwenye mlango wake anakuta mwenye nyumba amembandikia msokoto wa bangi kuwa karibu mgeni. Ukivumilia hapo, utavumilia yote.

Ustadh wa Mtaa
Astaghfirullah. Bangi tena?