Spamu kwenye seva yetu ya Mastodon: tuzifunge seva zinazoituma?

Mlezi_Ngara: Wakuu, tunaendesha seva ndogo hapa Nairobi kwenye Mastodon, mtandao wa kijamii wa seva nyingi zinazojitegemea na kuwasiliana. Spamu inatoka seva tusizozijua, kila ujumbe umewataja watu wetu. Tukizifunga kabisa, si tutawanyamazisha na wasio na hatia?

fundi_seva: Mkuu, anza kwa kuziwekea mipaka. Machapisho ya seva hiyo hayataonekana kwenye mkondo wa umma, wala arifa zake hazitawafikia wasiomfuata mtumaji. Anayemfuata ataendelea kumsoma. Ukifunga kabisa, ufuasi unakatika pande zote mbili, na ukifungua baadaye haujirudishi. Wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa. Wimbi la spamu la Februari 2024 lilipitia seva zilizotelekezwa, usajili ukiwa wazi. Kwenu pia, usajili uwe wa kuidhinishwa.

Kasarani_Huru: Na sababu ya kila zuio iandikwe hadharani, tafadhali. Zuio lisilo na maelezo ni udhibiti tu.

Mlezi_Ngara: Na Nostr je, ule mtandao mwingine wa kijamii usio na mmiliki mmoja?

fundi_seva: Kule rilei (seva inayopokea na kusambaza ujumbe) ikikukataa, ufunguo wa siri unaokutambulisha unabaki wako, unachapisha kwenye rilei nyingine. Spamu nayo hupita mlango huohuo, ndiyo maana baadhi ya rilei hutoza ada, au hudai kompyuta yako ifanye hesabu nzito kabla ya kupokea ujumbe.