Waayalandi na Wayahudi waliwezaje kutunga nyimbo pamoja Marekani?

Mwalimu wa Chamwino:
Ndugu zangu, ninafundisha muziki katika sekondari moja hapa Chamwino. Nilipoeleza kwamba muheme, ngoma ya Wagogo, hurithishwa ndani ya jamii yenyewe, mwanafunzi mmoja aliniuliza ilikuwaje nyimbo zilizotamba Marekani kama za Kiayalandi zikatungiwa muziki na Myahudi. Watu hawa walikutana wapi?

Mkazi wa Kizota:
Shikamoo, Mwalimu. Walikutana kazini. Waayalandi walimiminika Marekani wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, Wayahudi wa Ulaya Mashariki wakafuata kwa wingi kuanzia miaka ya 1880, wakajikuta wanabanana New York, ambako jukwaa la burudani lilimpokea mgeni kuliko ofisi nyingi. Mfano mzuri ni William Jerome, ambaye ukoo wake ulikuwa Flannery, na Jean Schwartz, Myahudi aliyezaliwa Budapest mwaka 1878. Jerome aliandika maneno, Schwartz akatunga muziki. "Bedelia" yao ya mwaka 1903 ni wimbo wa kumbembeleza msichana wa Kiayalandi. Mwaka 1912 wakatoa wimbo wa kuchekesha unaouliza Marekani ingekuwaje bila Waayalandi na Wayahudi.

Zeze la Kale:
Ushirikiano huo tusiupambe mno, kwani ulikuwa biashara. Kabla ya redio wimbo uliuzwa kwa karatasi za noti kwa wenye piano nyumbani, na wachapishaji wengi wa Barabara ya 28, Manhattan, walikuwa Wayahudi. Hata "When Irish Eyes Are Smiling" wa mwaka 1912 ulichapishwa na M. Witmark & Sons, kampuni ya ndugu wa Kiyahudi. (George M. Cohan, mtunzi na mwigizaji wa jukwaani, wengi walimdhania Myahudi kwa jina lake linalofanana na Cohen la Kiyahudi, kumbe ni wa asili ya Kiayalandi. Mshirika wake Sam Harris ndiye aliyekuwa Myahudi.)

Mwalimu wa Chamwino:
Marahaba, na asanteni nyote. Je, niwaambie wanafunzi kwamba ulikuwa utani, kama wa makabila yetu?

Zeze la Kale:
Kati ya hao wawili, unaweza kusema hivyo, maana kila upande ulikuwa na mtunzi wa kujibu. Lakini Jerome na Schwartz haohao ndio waliotunga "Chinatown, My Chinatown", wimbo kuhusu mtaa wa Wachina, uliochapishwa mwaka 1910, na katika utunzi huo hakukuwa na Mchina hata mmoja. Mtani asiyepewa nafasi ya kujibu si mtani, Mwalimu. Hapo ningetafuta neno jingine.