Vishikwambi darasani: vinasaidia au tunajifurahisha?

Mama Wawili:
Wadau, mwanangu yuko darasa la sita, shule ya binafsi. Muhula huu tumeambiwa kila mtoto aje na kishikwambi, vitabu vimo humo humo. Nimenunua kwa kujibana. Sasa jioni namkuta kainamia kioo. Nikimuuliza, "nasoma mama". Nikisogea, anapitisha kidole chap, inatokea ramani ya Afrika. Ramani ile ile, wiki ya tatu hii. Naomba maoni yenu: hii teknolojia inawasaidia watoto au tunajifurahisha?

Bin Makorora:
Inasaidia sana, dada. Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao, unafungua kitabu cha kiada bure. Sisi kitabu kimoja tulisoma wanne, mwenye mkono mrefu ndiye anafunua ukurasa, wengine mkiwa bado mstari wa tatu. Tatizo ni usimamizi. Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 baadaye wakapewa walimu, na mwalimu wa kijijini anachofanyia ni kubeti tu. Mkeka asubuhi, mkeka jioni.

Ticha wa Zamu:
Bin Makorora, nimekusoma vizuri mpaka hapo kwenye mkeka. Mimi ni mwalimu na niko kijijini. Darasa langu lina watoto 112, kishikwambi kimoja. Juzi nafundisha mzunguko wa damu, nimepakua picha ya moyo unaodunda kwa bando langu mwenyewe. Nikawapanga mstari, kila mmoja anapita mezani anatazama kidogo anakwenda kukaa. Walipofika wa nyuma kioo kikazima. Katoto kamoja kakaniuliza, "Mwalimu, moyo umekufa?" Chaji naweka dukani kwa Mangi, shilingi 500. Huo mkeka nausuka saa ngapi?

Bin Makorora:
Sijasema walimu wote. Ila jirani yangu ni mwalimu, Jumamosi nzima yuko barazani na kile kishikwambi, timu ikifungwa anakipiga kibao.

Ticha wa Zamu:
Jumamosi! Kwa hiyo hata siku ya mapumziko mnatuchungulia?

Kipepeo Mweusi:
Mwalimu, povu la nini? Kama hubeti, si limekupita?

Ticha wa Zamu:
Limenipita wapi? Kasema "mwalimu wa kijijini", hakusema "jirani yangu". Kwanza mngeuliza huyo mwalimu analala nyumba gani, ndipo muulize anashika nini.

Wa Nakuru:
Habari za jioni ndugu zetu. Huku kwetu kwenye kampeni za 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Tulingoja mpaka 2016 ndio zikaja tableti. Shule ya hapa jirani walizifungia kwenye chumba cha mlango wa chuma, mwalimu mkuu akiogopa zikiibwa atalipishwa yeye. Kijana wangu alizishika mara mbili tu hadi akapita darasa. Lakini jameni, swali moja: kishikwambi ndio nini? Jina kama la ugonjwa wa kuku.

Kipepeo Mweusi:
Ugonjwa wa kuku ni kideri, mkuu. Kishikwambi ni hiyo hiyo tableti, kwa Kiswahili. Nyie mnaoita simu "rununu", ingia Kariakoo uombe rununu uone, watakuuliza ya kupaka au ya kunywa.

Wa Nakuru:
Rununu na tarakilishi watoto wetu wanaziandika kwenye insha na wanapata alama. Nyinyi "kompyuta" mliikopa kwa Mwingereza na hamjarudisha.

Kipepeo Mweusi:
Na "shule" ni ya Mjerumani. Irudishe basi, watoto wakasomee chini ya mwembe.

Wa Nakuru:
Hiyo imenipata. Lakini kishikwambi bado ni kuku.

Mtu wa Kondoa:
Turudi kwenye mada. Sweden, nchi ya intaneti hiyo, mwaka 2023 serikali yao ikasema watoto wadogo warudi kwenye vitabu na kuandika kwa mkono. Ufaransa simu shuleni wamezipiga marufuku kwa sheria tangu 2018. Waliotutangulia wanageuza gari, sisi ndio kwanza tunakata tiketi.

Bin Makorora:
Sweden wanarudi kwenye vitabu kwa sababu vitabu wanavyo. Sisi turudi wapi?

Kipepeo Mweusi:
Mtu wa Kondoa, hapa umeandika kwa kalamu?

Mtu wa Kondoa:
Mimi ni mtu mzima, sina miaka kumi na moja. Wewe sina hakika.

Kipepeo Mweusi:
Haya, matusi yameanza. Mzee wa kuhubiri kalamu, mwandiko wako wenyewe bila shaka kama kuku kapita kwenye wino.

Wa Nakuru:
Kuku mwenye kishikwambi.

Mama Wawili:
Jamani, nimeuliza habari za mwanangu nikapewa kideri. Basi jana alipolala nikakifungua. Nyuma ya ramani kuna mchezo wa mpira, amefika hatua ya 41. Pembeni ya mto kaacha daftari lake la hesabu, za sehemu, kapata 18 kwa 20. Nimekaa kitandani pale nashindwa nimwamshe nimchape au nimfunike shuka.

Ticha wa Zamu:
Mfunike. Hizo hesabu kafanyia kwenye kishikwambi au kwenye karatasi?

Mama Wawili:
Karatasi. Kuna mpaka alama za kifutio, kafuta karibu atoboe.

Mtu wa Kondoa:
Nilisema nini mimi?

Bin Makorora:
Mama Wawili, samahani dada, mchezo gani huo una hatua 41?

Ticha wa Zamu:
Kumbe mwenye mkeka tulikuwa naye humu humu.