Wiki za mada katika shule za awali zimegeuzwa matangazo ya biashara, na watoto wetu wanabaki kunakili ubaoni

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mwanangu ana miaka minne na anasoma katika shule ya awali ya binafsi hapa Dar es Salaam. Sitaitaja jina, kwa sababu haya nitakayoyaeleza yamezagaa katika shule nyingi za aina hiyo, na nikiitaja moja nyingine zitajiona ziko salama. Tulipokwenda kuandikisha, tulielezwa kwa kirefu kwamba shule inafundisha kwa mada za wiki: wiki ya familia, wiki ya wanyama, wiki ya usafiri, wiki ya hali ya hewa, wiki ya kazi za watu, na kwamba mtoto angejifunza kwa kucheza na kutenda. Ndicho kilichotufanya tuichague na tukubali ada yake, ambayo si ndogo.

Mada ya wiki ikiongozwa na mwalimu anayejua anachokifanya ni jambo zuri mno, kwa kuwa mtoto wa umri huu haugawi ulimwengu katika masomo kama tunavyougawa sisi watu wazima. Chukua mada ya soko. Watoto wanapanga nyanya mafungu mafungu na kuzihesabu, wanabadilishana zamu za kuuza na kununua, wanajifunza kusalimia mteja na kuuliza bei, wanaosha matunda na kunawa mikono kabla ya kuonja, wanachora kile walichokiona, na mwishoni wanafagia maganda yao wenyewe. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulijengwa juu ya mambo hayo hayo: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kumudu dhana za kihisabati. Soko moja la kuigiza, kwa asubuhi moja, linayagusa yote sita bila mtoto kujua kwamba anafundishwa.

Sasa niwaeleze wiki ya wanyama ilivyokwenda kwetu. Jumatano jioni uliingia ujumbe katika kundi la WhatsApp la wazazi kwamba Ijumaa kila mtoto afike akiwa amevaa vazi la mnyama aliyepangiwa, na kwamba vazi linaweza kupatikana shuleni kwa malipo kwa atakayeshindwa kulitafuta. Mwanangu alipangiwa twiga. Nilizunguka Kariakoo siku nzima ya Alhamisi nikaambulia kitambaa cha madoadoa, na usiku fundi akamshonea huku akinisubiri nilipe. Ijumaa watoto wakapangwa kwenye ngazi za shule, wakapigwa picha, wakavuliwa mavazi yao ili yasichafuke, wakarudishwa kwenye madawati. Kabla ya saa sita mchana picha zilikuwa zimekwishawekwa katika ukurasa wa shule zikiwa na namba ya simu ya kuandikisha watoto wapya.

Jioni nilifungua daftari la mwanangu. Ukurasa mzima una neno la Kiingereza la twiga, limenakiliwa mstari baada ya mstari, herufi zikizidi kulala kila anaposhuka chini, na mistari mitatu ya mwisho haisomeki kabisa kwa sababu mkono ulikuwa umechoka. Chini yake kuna alama nyekundu ya kosa na maagizo kwamba arudie nyumbani. Nilimuuliza twiga anakula nini, akanijibu kwamba hawakuambiwa. Nikamuuliza shingo yake inamsaidia nini, hakujua. Nyuma ya ukuta wa shule hiyo kuna mama anayefuga kuku na mbuzi, na sauti za mifugo hiyo zinasikika hadi darasani, lakini kwa wiki nzima iliyoitwa ya wanyama hakuna mtoto aliyepelekwa hata kuchungulia mbuzi anavyocheua.

Nilikwenda shuleni kuonana na mwalimu, na nilipokuwa nikimsubiri nikaitazama ile kona ya duka la kuigiza tuliyooneshwa siku ya kuandikisha. Ina maboksi matupu ya majani ya chai na dawa ya meno, makopo ya maziwa na mizani ya plastiki, vyote vimepangwa vizuri, lakini vimefungwa kwa uzi wa nailoni kwenye rafu iliyo juu ya kichwa cha mtoto mrefu kuliko wote darasani. Mwalimu alinieleza kwamba vikiguswa vitaharibika kabla wageni hawajaviona. Katika lango la shule limeandikwa neno Montessori kwa herufi kubwa. Maria Montessori, daktari na mwanaelimu wa Italia, alipofungua shule yake ya watoto wadogo, aliyoiita nyumba ya watoto, mjini Roma mwaka 1907, jambo alilolisimamia lilikuwa kwamba meza, viti na vifaa viwe vya kimo cha mtoto, ili avifikie mwenyewe, avitumie na avirudishe mahali pake. Kuliandika jina lake langoni na kuvitundika vifaa asikoweza kuvifikia mtoto ni kuwadanganya wazazi wanaolipa.

Simlaumu mwalimu peke yake, na ninaomba watakaochangia wasimgeuze yeye kuwa ndiye mada. Uwiano uliowekwa kwa elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini yeye ana zaidi ya arobaini, hana msaidizi, na bado anatakiwa kupiga picha na kuzituma. Walimu wa shule za serikali wana hali ngumu zaidi, hasa tangu ada ilipoondolewa Januari 2016 na madarasa ya awali yakafurika, na hata hivyo nimewaona wanaofundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda, vijiti na mbegu za maembe, watoto wakiwa wamekaa chini kwenye mkeka na kila mmoja ana vitu vyake mkononi. Kwa hiyo hoja ya ukosefu wa fedha siikubali kwa shule inayotoza ada kama yetu. Gharama ya lile vazi la twiga ingenunua udongo wa mfinyanzi wa kuwatosha darasa zima, kila mtoto akafinyanga mnyama wake na kueleza alivyomtengeneza.

Na hilo la udongo silisemi kama pambo. Mifupa midogo ya kiganja cha mtoto wa miaka minne bado haijakomaa, na vidole vyake vinapata nguvu kwa kufinyanga, kutunga shanga, kurarua karatasi, kumimina maji na kukamua kitambaa, ndipo baadaye vinaweza kuishika penseli bila maumivu. Kumlazimisha ajaze kurasa kila jioni, huku akisinzia mezani, ni kumfundisha kuichukia shule kabla hajaanza darasa la kwanza.

Mkurugenzi aliponipokea alikuwa na jibu moja. Aliniambia, "Mama, wazazi wenyewe ndio wanaotaka. Daftari likirudi tupu wanalalamika kwamba mtoto anacheza tu, na usaili wa darasa la kwanza unawasubiri." Wazazi wenzangu, jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa maana katika kundi letu wapo wanaolinganisha madaftari na kudai kazi nyingi zaidi za nyumbani. Lakini shule ndiyo yenye taaluma. Daktari hamwandikii mgonjwa dawa kwa kuwa ndugu zake wamepiga kelele, na mwalimu aliyesomea elimu ya awali ana wajibu wa kutueleza sisi wazazi kwa nini mchezo ndio kazi ya mtoto, badala ya kutuuzia tunachokitaka kwa gharama ya watoto.

Kuhusu picha ninasema wazi kwamba sikuombwa ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Sura ya mwanangu si bango la biashara, na fomu ya kujiunga niliyoisaini haina mstari hata mmoja unaoruhusu jambo hilo.

Nimekwisha kuiandikia shule barua. Nimeitaka iondoe picha za mwanangu, itutumie mpango wa kila mada mwanzoni mwa wiki ukionesha watoto watatenda nini, ishushe vifaa vya kona hadi kimo cha watoto, na isitishe mavazi ya kununua na kazi za kunakili za nyumbani kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Wiki ijayo, bila majibu, nitapeleka nakala ya barua hiyo katika ofisi ya wilaya ya uthibiti ubora wa shule, inayokagua shule, pamoja na daftari lenyewe.

Ninaomba mambo mawili kwenu. Walio na uzoefu wa kupeleka malalamiko katika ofisi hiyo wanieleze ni nyaraka gani nyingine zinazohitajika, na walimu wa awali mliomo humu mtuoneshe mnavyoendesha mada moja kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, ili nikienda kubishana na uongozi wa shule niwe na mifano kutoka madarasa ya hapa hapa nchini.